Maneno ya Mshabiki: Mchezo wa Kukimbia Ili Urudi Nyumbani



Ninyi mnaoufungua ukurasa huu kila juma mwajua ya kuwa mimi ni mchezaji hodari, lakini kwa mdomo tu. Miguu yangu ilikataa kazi hiyo zamani. Kila Jumapili baada ya Misa huchukua kigoda changu, nikaenda kukaa kando ya uwanja hapa Baraka, na kutoka hapo nawaamuru vijana ishirini na wawili, na mwamuzi, na wasaidizi wake, hata na mbuzi wanaokatiza uwanjani. Katika hao wote ni mbuzi tu wanaonisikia. Mke wangu asema ya kuwa kama kelele zingefunga mabao, timu yetu ingalikwisha kutwaa Kombe la Dunia mara tano.

Leo lakini sitaki kusema habari za mpira wa miguu peke yake. Nataka kuwasimulia jinsi mchezo mgeni ulivyoingia nyumbani mwangu, ukatugombanisha siku tatu, kisha ukatufundisha neno.

Mpwa wangu alirudi kutoka Kampala mwezi uliopita. Sisi tulitazamia kuona sabuni na vitenge. Yeye akafungua mzigo wake, akatoa gongo la mti lililochongwa vizuri, nene upande mmoja na jembamba upande wa kushikia. Tena mpira mdogo mweupe, mgumu kama jiwe la mto Mutambala. Tena kitu cha ngozi chenye umbo la kiganja cha jitu.

Kila mtu akatoa hukumu yake. Shangazi yangu, ambaye ni mzee wa nyumba yetu, alilishika gongo akasema, “Mchi huu ni mfupi mno. Sombe ya watu wote hawa itatwangwa saa ngapi?” Jirani yangu mvuvi alilipima mkononi, akasema lafaa sana kumtuliza sangala anayerukaruka mtumbwini. Mtoto wangu wa mwisho alivaa kile kiganja cha ngozi mguuni, akauliza kiatu cha pili kiko wapi. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa elimu, nilinyamaza, nikingoja wengine wakosee kwanza.

“Huu ni mchezo wa besiboli, mjomba,” akasema mpwa wangu. “Vijana wa Uganda waucheza sana siku hizi.”

“Vema,” nikajibu. “Magoli yako wapi?”

“Hayapo.”

“Basi mpira waingia wapi?”

“Hauingii mahali, mjomba. Mtu mmoja aurusha, adui yake aupiga kwa gongo, kisha akimbia.”

“Akimbia nini? Amevunja dirisha la watu?”

Kijana alicheka, akachora uwanja mavumbini kwa kidole. Sikilizeni, nami nitawaeleza kama alivyonieleza. Timu ni mbili, kila moja ina watu tisa. Timu moja hutawanyika uwanjani, nyingine huleta wapigaji wake mmoja mmoja. Mpigaji husimama penye kibao cheupe kilicholazwa chini. Mrushaji husimama mbali naye mita 18 na zaidi kidogo, akamrushia mpira kwa nguvu. Mabingwa waweza kuurusha upesi kupita gari la safari lililo kasini. Mpigaji akikosa mara tatu, ametoka. Akiupiga, lakini adui akaudaka kabla haujagusa ardhi, ametoka vilevile. Akiupiga vizuri, autupa gongo na kukimbilia kituo cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu. Watu watatu wakitoka, timu hubadilishana zamu. Zamu ni tisa, na saa haitazamwi ili kuumaliza mchezo.

“Saa haitazamwi?” mke wangu akauliza kwa mashaka. Alikwisha kuona Jumapili zake zinavyopotea kwa mchezo wa dakika tisini tu.

Wala hakuwa na hofu ya bure. Katika mji wa Pawtucket, huko Marekani, timu mbili zilianza kucheza jioni ya tarehe 18 Aprili 1981, nayo ilikuwa Jumamosi Kuu. Zamu tisa zikaisha, wakawa sawa. Mchezo huo haukubali sare, basi wakaendelea. Usiku wa manane ukapita. Baridi ikawa kali. Walipofikia zamu ya 32, saa kumi za usiku zilikuwa zimepita, Pasaka imekwisha kuingia, na viwanjani wamebaki watazamaji 19 tu. Wakaambiwa waende kulala. Mchezo ulimalizika tarehe 23 Juni, kwa zamu moja tu zaidi. Nawaza habari ya wale watu 19: walipofika nyumbani alfajiri ile, waliwaambia wake zao walikuwa wanakesha wapi? Kanisani?

Kisha mpwa wangu akaniambia jambo ambalo nawasihi ninyi wanafunzi msiwaonyeshe wazazi wenu siku ya kuleta karatasi ya alama. Katika besiboli mpigaji anayefaulu mara 3 katika 10, mwaka hata mwaka, huhesabiwa kuwa bingwa. Aliye juu ya wote katika hesabu zao za maisha mazima ni Josh Gibson, mtu mweusi aliyekufa mwaka 1947. Siku zake Weusi hawakuruhusiwa kucheza pamoja na Weupe, na hesabu za michezo yao hazikuwekwa pamoja na za Weupe mpaka mwaka 2024. Naye, mkubwa wa wapigaji wote, hakufikia mara 4 katika 10. Ningalijua hayo nilipokuwa darasa la tano, ningaliokoka viboko vingi.

Basi nilicheka sana siku ile. Nilisema mchezo huu ni wa watu wasio na kazi. Lakini usiku nikawaza: Je, ni mchezo gani usiochekesha ukitazamwa na mgeni?

Chukueni kriketi ya Waingereza. Mashindano ya mataifa yao huweza kuchukua siku tano. Wachezaji husimama kunywa chai. Na siku ya tano watu huambiwa kuwa hakuna aliyeshinda. Au chukueni ngumi. Tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa saa kumi za usiku, ili Wamarekani waone katika televisheni zao kwa saa iliyowafaa. Ali aliegemea kamba, akakubali kupigwa na kupigwa. Mgeni angaliuliza, “Huyu amechoka au amesinzia?” Katika raundi ya nane akaamka, na Foreman akalala yeye.

Hata sisi tusijitoe. Mwaka 2010 timu ya Mazembe ya Lubumbashi, iliyoanzishwa na wamisionari Wabenedikto mwaka 1939, ilifika fainali ya vilabu vya dunia, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Golikipa wake Kidiaba alikuwa akishangilia kila bao kwa kukaa chini na kurukaruka kwa matako uwanjani kote. Watoto wa Baraka wakamwiga mara moja. Furaha ilikuwa kubwa kwa watoto, na kwa mafundi cherehani waliotia viraka suruali.

Tena nikakumbuka kicheko kimoja kilichotuuma. Mwaka 1974 nchi yetu, ikiitwa Zaire, ilikuwa taifa la kwanza la Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Tulifungwa 2 na Scotland, tukafungwa 9 na Yugoslavia. Katika mchezo wa tatu, Brazil walipojipanga kupiga mpira wa adhabu, mlinzi wetu Mwepu Ilunga alitoka mbio katika ukuta, akaupiga mpira mbali kabla wao hawajaugusa. Dunia ikacheka. Walisema Mwafrika huyu hajui hata sheria. Kwa miaka mingi picha hiyo ilionyeshwa ili watu wachekeshwe.

Mwepu mwenyewe alieleza baadaye. Sheria aliijua sana. Wachezaji hawakuwa wamelipwa haki yao, na baada ya yale mabao 9 walinzi wa Rais walikuwa wamewaonya ya kwamba wakifungwa mabao 4 na Brazil, hawatarudi nyumbani. Wakafungwa 3. Mtu anapigania kuiona tena nyumba yake, na ulimwengu wamcheka kwa kuwa haujui anachezea nini! Nilipokumbuka hayo, niliona haya kwa kicheko changu. Asubuhi nikamwita mpwa wangu, nikamwambia, “Nieleze tena, nami sitacheka.”

Akanieleza habari za watoto wa Uganda. Mwaka 2011 timu ya wavulana wa Kampala ilishinda mashindano ya kanda yao huko Poland, ikapata haki ya kwenda Marekani katika mashindano ya dunia ya watoto. Lakini hati zao hazikupatana katika habari za umri na kuzaliwa, wakanyimwa ruhusa ya kuingia. Wazazi, sikieni hapo! Watoto wamewashinda adui zao wote uwanjani, wakashindwa na karatasi. Mtoto wako mchanga umemwandikisha kwa wenye serikali, au wangoja mpaka awe na ndevu? Mwaka uliofuata, 2012, wavulana wa Lugazi walikuwa na hati zao. Wakafika Williamsport, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko, na kabla ya kurudi wakawashinda watoto wa Oregon 3 kwa 2.

“Basi sisi wa Fizi tumechelewa,” nikasema.

Jirani yangu mvuvi, aliyekuwa akishona wavu kando yetu, akainua kichwa. “Hatukuchelewa,” akasema. “Wenye mchezo huo walifika hapa zamani. Ila hawakuleta gongo.”

Naye alisema kweli. Tarehe 24 Aprili 1965 Wakuba wa kwanza walivuka ziwa kutoka Kigoma, wakashuka Kibamba, katika pwani hii yetu ya Fizi. Wengine wakafuata, hata wakazidi mia. Kuba ni nchi ambayo mtoto hushika gongo la besiboli kabla ya kushika kalamu. Mkubwa wao, Ernesto Guevara aitwaye Che, mzaliwa wa Argentina, alikuwa mchezaji wa raga ujanani mwake. Walijipa majina kwa hesabu za Kiswahili: mmoja Moja, mwingine Mbili, naye Che akaitwa Tatu. Timu nzima ya wanamichezo! Lakini walichokuja nacho ni bunduki, na katika Novemba ya mwaka ule ule walivuka ziwa usiku wakaenda zao. Bunduki nyingine zilibaki.

Sisemi hayo kwa kuwahukumu Wakuba peke yao. Kabla yao na baada yao wamekuja wengine wengi, kutoka kila upande, na wengine wamezaliwa hapa hapa. Watu wa Fizi wamepewa bunduki mara nyingi kuliko mipira. Nami niliyekaa kando ya uwanja miaka mingi nimeona tofauti moja kati ya zawadi hizo mbili. Mtoto aliyepewa mpira, jua likitua utamsikia mlangoni akiuliza chakula, miguu imejaa vumbi. Mtoto aliyepewa bunduki, mama yake hungoja.

Jumamosi tulijaribu mchezo wenyewe, ufukweni. Mpira ule mgumu nilikataa usitumiwe, kwa kuwa nawapenda majirani na madirisha yao. Watoto walifunga mpira wa matambara. Kituo cha kwanza kilikuwa gurudumu bovu la pikipiki, cha pili bidoni la mafuta, cha tatu kandambili yangu ya kushoto. Penye kibao cheupe tuliweka kipande cha mkeka wa shangazi, na mwenyewe akakaa karibu nacho ili kusiibiwe.

Mchezo ulienda kama mambo ya kwanza yaendavyo. Mpigaji mmoja alikimbia kwa nguvu, lakini akashika njia ya sokoni. Mwingine aliupiga mpira mpaka ziwani, akasimama kuushangaa badala ya kukimbia, na watu wa mtumbwi wakaurudisha kabla hajakumbuka. Mimi nilikuwa mwamuzi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitukanwa kama ninavyowatukana wengine, nami naungama hapa mbele ya wasomaji kwamba si jambo tamu.

Mwishoni walikuwa sawa. Kijana mmoja alikuwa amesimama kituo cha tatu, juu ya kandambili yangu, haendi wala harudi. Zamu ya kupiga ikamwangukia mtoto mdogo kuliko wote, mwenye mikono kama vijiti. Mpwa wangu akamnong’oneza sikioni. Mtoto alipoona mpira waja, hakuinua gongo. Aliliweka tu mbele ya mpira, nao ukaanguka polepole miguuni pake. Wote wakaukimbilia. Yeye akakamatwa, akatoka. Lakini katika kelele ile kijana wa kituo cha tatu alikuwa amekwisha kukimbia, akautupia mwili wake juu ya mkeka.

“Imehesabiwa!” akapaza sauti mpwa wangu. “Amefika nyumbani!”

“Nyumbani wapi?” nikauliza.

“Ndiyo jina la mahali hapo, mjomba. Pale mpigaji aanzapo huitwa nyumbani. Vituo vingine vyote ni vya kupita tu. Hata ukimbie namna gani, hata ukae kituo cha tatu mpaka jioni, huna kitu mpaka urudi pale ulipotoka. Nalo pigo la mdogo huyu, la kujitoa ili mwenzako afike, huitwa pigo la sadaka.”

Shangazi alikuwa amenyamaza. Kisha akaupapasa mkeka wake kwa mkono, akasema, “Basi mchezo huu mimi naujua. Niliucheza miaka tisa.”

Tukamtazama. Akahesabu kwa vidole. “Mwaka 1996 tulikimbia vita usiku. Kituo cha kwanza Kigoma. Kituo cha pili kambi ya Nyarugusu, na hapo nilikaa sana. Kituo cha tatu ile meli iliyoturudisha mwaka 2005. Nikashuka hapa Baraka, nikakanyaga mchanga huu. Nyumba haikuwapo, paa halikuwapo, mwembe tu ulikuwapo. Lakini nilihesabiwa.” Akanyamaza kidogo. “Dada yangu alikuwa akinipa nusu ya posho yake kambini, akisema hana njaa. Yeye alibaki kituo cha pili.”

Wasomaji wapenzi, mimi ni mtu wa maneno mengi, lakini hapo sikuwa nalo hata moja. Mvuvi aliacha wavu wake. Yule mtoto mwenye mikono kama vijiti, aliyekuwa akilia kwa kuwa ametolewa, shangazi alimwita, akampangusa machozi kwa pindo la kitenge, akamketisha juu ya mkeka, pale pale nyumbani.

Bado napenda mpira wa miguu kupita michezo yote, nami sitaacha kumfundisha mwamuzi kazi yake kutoka kigodani. Wala siwaambii mwende kutafuta magongo Kampala. Chezeni mnachokijua. Lakini ninyi akina baba na akina mama, mkitaka kujua kama mchezo fulani ni mwema, msiulize umetoka nchi gani, wala nani ameuleta, wala washindi hupewa nini. Ulizeni neno moja tu: jua likitua, je, wanamrudisha mtoto nyumbani? Akija mtu kwa kijana wako na maneno matamu ya mchezo usio na njia ya kurudi, mfungieni mlango, hata kama amevaa viatu vizuri. Nanyi vijana mlio hodari wa kukimbia, kumbukeni ya kuwa mara nyingi mwenzenu mdogo amekubali kutolewa ili ninyi mfike. Mkifika, msisahau kumshukuru.

Kandambili yangu ya kushoto haijaonekana tangu Jumamosi. Aliyeichukua na airudishe. Kituo cha tatu si mahali pa kukaa milele.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, nitawaeleza kwa nini mwamuzi siku zote huona makosa ya upande wangu tu. Kwaherini!

Mshabiki wenu wa Baraka